Kivuli cha Lwanda Magere: Terry Hirst na Hadithi za Picha

Wako walimu, huko Ngara na Biharamulo kama kwingineko nchini, wanaomnyang'anya mwanafunzi kitabu cha hadithi ya picha kwa kudhani kwamba ni mchezo wa kupoteza wakati. Hukumu hiyo ni ya haraka. Hadithi ya picha ina fani na maudhui yake, nayo yastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki riwaya au tamthilia. Tuchunguze basi kazi ya Terry Hirst, Mwingereza ambaye sanaa yake ilikomaa Afrika Mashariki.

Hirst alizaliwa Brighton mwaka 1932, akafika Kenya mwaka 1965, akafundisha sanaa katika Chuo cha Kenyatta. Mwaka 1973 yeye na mwandishi Hilary Ng'weno walianzisha jarida la Joe, lililodumu hadi 1979. Joe ni mwananchi wa kawaida wa Nairobi: mshahara haumtoshi, lakini kicheko hakimwishi. Katika kurasa hizo Hirst hakuchora peke yake. Walikuwamo wasanii wenyeji kama Edward Gitau, mtunzi wa Juha Kalulu. Hii ndiyo sifa yake ya kwanza: alisimama bega kwa bega na watu aliowachora. Kicheko cha aliye juu ni dharau. Kicheko cha mwenzetu ni faraja, na mara nyingine ni onyo.

Katika miaka ya 1980 Hirst alitoa vitabu vya Pichadithi, jina linalounganisha picha na hadithi. Kimojawapo kinamhusu Lwanda Magere, shujaa wa Waluo mwenye mwili wa jiwe. Maadui hawakuweza kumjeruhi mpaka mke waliyempa alipogundua kwamba nguvu zake zimo katika kivuli. Kivuli kikachomwa mkuki, shujaa akaanguka.

Hapa ndipo ugumu wa sanaa hii unapoonekana. Fanani anaposimulia kwa mdomo hukificha kivuli katika kimya chake. Hadhira haikioni mpaka saa ya siri kufichuka. Mchoraji hana kimya cha namna hiyo. Kila mtu aliyechorwa juani ana kivuli miguuni tangu ukurasa wa kwanza. Akikiacha, mchoro unakosa ukweli. Akikikoleza mno, siri imetoka. Basi kuchora hadithi si kuinakili. Ni kuitunga upya, na anayeitunga upya hana budi kujua mahali fanani anaponyamaza. Aidha, wimbo wa fanani na kiitikio cha watoto haviingii katika kisanduku cha picha. Lakini kitabu kinamfikia mtoto ambaye hana tena wa kumsimulia.

Kasoro moja haifichiki. Jina la Pichadithi ni la Kiswahili, ilhali vitabu vyenyewe vilitoka kwa Kiingereza, na jarida la Joe vivyo hivyo. Mzee aliyeihifadhi hadithi kichwani miaka yote alifungiwa mlango wa kuisoma.

Hirst alifariki mwaka 2015. Kazi iliyobaki ni ya warithi wa hadithi zenyewe. Wahangaza na Washubi wa Ngara, na Wasubi wa Biharamulo, wana masimulizi yao. Mwanafunzi aliyeyasikia kwa bibi yake anavijua vile vimya ambavyo mgeni hawezi kuvijua. Mwalimu na ampe karatasi kubwa, kwa maana mchoro wa asili aghalabu huchorwa mkubwa kuliko utakavyochapwa; maneno na yawe ya Kiswahili; na mchoro huo uhifadhiwe shuleni baada ya kusahihishwa.

Lakini mwalimu afundishe pia wajibu wa kalamu. Watu wa Ngara waliona Aprili 1994 umati wa wakimbizi ukivuka Rusumo kutoka Rwanda. Kabla ya maafa yale, gazeti la Kangura lilikuwa limetumia katuni pamoja na maandishi kupanda chuki, na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa mjini Arusha ilimtia hatiani mhariri wake. Kalamu iliyomchora Joe kwa upendo na iliyomchora jirani kama adui zilitumia wino wa aina moja. Kwa hiyo, tunapohakiki hadithi ya picha, tusiishie kuuliza kama imechorwa vizuri. Tuulize pia mchoraji amesimama wapi, na anamtazama nani kwa jicho gani.