Mgeni na Siku Yake ya Kwanza

Mwaka 1949 R. O. Williams alichapisha kitabu cha Kiingereza ambacho jina lake nalifasiri hivi: Mimea ya Manufaa na ya Mapambo katika Unguja na Pemba. Kabla ya hapo alikwisha kuandika kitabu chenye jina la muundo huohuo juu ya Trinidad na Tobago. Basi hata jina la kitabu ni mche uliohamishwa kutoka kisiwa hadi kisiwa.

Mfasiri mwenye haraka angeandika "ya Unguja na Pemba". Angekosea. "Katika" ni neno la uangalifu: lasema mmea upo, halisemi kuwa ni wa asili. Mkarafuu, fahari yetu, asili yake ni visiwa vya Maluku, nao ulifika kwetu mwanzoni mwa karne ya 19. Mwarobaini ni wa Bara Hindi. Mpera ni wa Amerika, na jina lake limetokana na Kireno.

Fadhila kubwa ya kitabu hiki ni kuyahifadhi majina ya Kiswahili pamoja na ya Kilatini. Lakini jina huhifadhi sifa au njia, siku halihifadhi. Mwarobaini hututajia maradhi arobaini. Hautwambii ni nani aliyeuona mara ya kwanza ukijiotea nje ya ua ulimopandwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na vigezo vile viwili, manufaa na mapambo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni hekima, ila humpima mgeni kwa kazi yake tu. Tazama Tahiti. Mwaka 1937 mti wa mikonia, wenye majani mapana yaliyo zambarau upande wa chini, uliletwa kutoka Amerika ya kitropiki uwe pambo la bustani. Ndege walikula matunda yake wakatawanya mbegu. Umekwisha kuenea zaidi ya nusu ya kisiwa, na kivuli chake huinyima mwanga mimea isiyopatikana penginepo duniani. Kuuita pambo hakukuwa uongo. Kosa lilikuwa kuliacha neno hilo bila kulipitia upya.

Kitabu cha Williams chastahili kusomwa, na chastahili kufasiriwa. Atakayekifasiri na aongeze safu moja: mmea huu ulionekana lini ukijiotea, wapi, na nani aliyeuona. Pasipo safu hiyo, wajukuu wetu watamwita mgeni mwenyeji, na mwenyeji hatakuwapo wa kukanusha.