Pumu Inayotibiwa kama Nimonia

Kuhesabu pumzi za mtoto hakuhitaji mashine, saa yenye mshale wa sekunde yatosha. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miezi 2 hadi 11 akivuta pumzi 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anapumua mbio, na akiwa anakohoa hushukiwa nimonia. Kipimo hicho kimeokoa wengi. Tatizo ni kwamba pumu nayo humfanya mtoto apumue mbio vilevile.

Dkt. Rebecca Nantanda na wenzake wa Chuo Kikuu cha Makerere waliifuatilia hitilafu hiyo katika Hospitali ya Mulago, Kampala, kati ya Agosti 2011 na Juni 2012. Walichukua watoto 614 wa chini ya miaka mitano, wote wakiwa na kikohozi au shida ya kupumua, na wote wakipumua mbio. Waliuliza historia ya ugonjwa, wakawapima damu, wakawapiga picha za kifua, kisha jopo la madaktari likaamua kila mmoja anaumwa nini. Asilimia 41.2 waliwekwa kwenye kundi la pumu. Nimonia ya bakteria ilikuwa asilimia 27.2. Katika hao wa pumu, waliowahi kuambiwa wana pumu hawakufika hata mmoja kati ya kumi, ilhali asilimia 95.3 waliandikiwa antibiotiki.

Tahadhari moja: kundi hilo la pumu lilijumuisha pia bronkiolitisi, yaani uvimbe wa vijia vidogo vya hewa mapafuni, kwa kuwa kwa mtoto mdogo magonjwa haya mawili hayatenganishwi kwa urahisi. Hata hivyo, hoja yao kwamba pumu nyingi hutibiwa kama nimonia naiona imesimama.

Basi anayehesabu pumzi atazame pia zinavyotoka. Kwenye pumu njia za hewa zimebana, kwa hiyo kutoa pumzi huchukua muda zaidi kuliko kuvuta, na mara nyingi husikika mluzi mwembamba. Homa haisaidii sana kutofautisha, maana mafua ya virusi ndiyo huamsha pumu ya watoto wengi. Kinachosaidia ni maswali kwa mama: hii ni mara ya ngapi? Hukohoa usiku, au akicheka na kukimbia? Kuna mwenye pumu nyumbani? Mtoto "anayeugua nimonia" kila baada ya miezi michache, na kila mara akapata nafuu kwa salbutamoli, dawa ya kupanua njia za hewa, anastahili kuchunguzwa upya.

Mluzi ukikatika ghafla huku mbavu zikizidi kubonyea, mtu asifurahi: huenda hewa haipiti kabisa. Mtoto huyo, au aliyeshindwa kunyonya au kuongea, au mwenye midomo ya bluu, akimbizwe hospitali mara moja, akivutishwa salbutamoli njiani kama ipo. Ikikosekana chemba ya kuvutia dawa, chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa kitako hufaa. Watafiti wa Cape Town walilionyesha hilo mwaka 1999.