Pilipili Isiyoliwa: Methali, Uganga na Uwezo wa Kuwasha kwa Mbali

Katika mikusanyo ya methali na vitabu vya shule, methali "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" hupewa maelezo ya mstari mmoja: mtu asijiingize katika mambo yasiyomhusu. Maelezo hayo si potofu, ila yanaichukulia pilipili kuwa chombo kitupu ambacho nafasi yake ingeweza kushikwa na kiungo chochote cha jikoni. Hoja ya makala haya ni kwamba pilipili haikuokotwa tu. Methali inakanusha jambo ambalo uganga wa pilipili katika jamii nyingi hulidai waziwazi, yaani kwamba pilipili humwasha hata asiyeila. Ukanushaji huo una makali kwa sababu dai lenyewe liko hai.

Uchambuzi unapaswa kuanzia kwenye kitenzi. "Washa" ni kauli ya kutendesha ya "waka", kwa badiliko lilelile la sauti linalotoa "amsha" kutokana na "amka". Moto huwashwa, taa huwashwa, na upupu huwasha ngozi. Kitenzi kimoja hubeba mwali na mwasho. Fiziolojia nayo imeviweka pamoja: kipokezi cha neva kiitwacho TRPV1, kilichobainishwa na David Julius na wenzake mwaka 1997, huamshwa na joto linalozidi nyuzi 43 hivi za selsiasi na pia na kapsaisini iliyomo katika pilipili. Isidhaniwe kwamba hapa pamepatikana ushahidi wa wahenga kuitangulia maabara. Kiingereza nacho huiita pilipili kitu cha moto, ilhali Kihispania hutumia kitenzi cha kudunga, na ulimi wa binadamu ni uleule. Linalomhusu mhakiki ni kwamba katika Kiswahili kitenzi kimeshaifanya nusu ya kazi ya mganga kabla mganga hajafika: kimetia moto ndani ya tunda.

Neno "yakuwashiani" linakwenda mbali zaidi. Kiambishi "ya-", kilichotokana na "i-" ya ngeli na "-a-" ya wakati, kinaifanya pilipili kuwa mtenda. "-Ku-" kinamweka msikilizaji mahali pa mtendwa. Kauli ya kutendea pamoja na "-ni" ya kuuliza vinadai sababu. Hakuna mpishi wala mlishaji katika sentensi hii. Tunda limepewa uwezo wa kumfikia mtu, kisha mtu ndiye anayeulizwa ana nini hata afikiwe. Toleo jingine la methali huiweka pilipili shambani, na tofauti hiyo si ya mapambo: toleo la kwanza hupima umbali kwa kinywa, la pili hupima kwa ardhi. Yote mawili yanashikilia kwamba pasipo mgusano hapana mwasho. Mgusano, pamoja na mfanano, ni mojawapo ya misingi miwili ambayo James Frazer, katika kazi aliyoanza kuichapisha mwaka 1890, alidhani ndiyo inayoendesha uganga wote. Methali inatumia hoja ya mgusano dhidi ya uganga wenyewe.

Kinachokanushwa kinaonekana vizuri zaidi nje ya Uswahilini, katika uganga wa Wamarekani Weusi uitwao hoodoo, ambao Zora Neale Hurston aliuandikia sehemu nzima ya kitabu chake Mules and Men cha mwaka 1935. Humo pilipili ni dawa ya kumfukuza mtu. Unga wa pilipili nyekundu, mara nyingi pamoja na chumvi na salfa, hunyunyizwa mlangoni au huchanganywa na mchanga wa unyayo wa mlengwa, ili nyayo zake zisitulie na ahame mwenyewe bila kusukumwa. Mlengwa haonji chochote. Huenda hata asijue kwamba ameguswa. Uchawi wa kuchukua mchanga wa unyayo unajulikana pia Afrika Mashariki, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa sana mantiki yake. Unga huo ni pilipili ya shambani inayomwasha mtu aliye nyumbani, na mtaalamu wa hoodoo angekuwa na jibu kamili kwa swali la methali.

Bara Hindi linatoa kisa kigumu zaidi. Huko pilipili kavu, aghalabu pamoja na chumvi, huzungushwa juu ya mtu anayedhaniwa kupatwa na jicho baya, kisha hutupwa motoni. Moshi ukikereta koo kama kawaida, mtu yu salama. Moshi usipowasha, jicho lilikuwapo na pilipili imelibeba. Ajabu ya utaratibu huu ni kwamba ushahidi wa uchawi ni pilipili kushindwa kuwasha. Historia nayo inadai tahadhari. Mmea wa pilipili kali ni wa Amerika na haukujulikana Bara Hindi kabla ya safari za Wareno, hivyo desturi inayosemwa kuwa ya tangu na tangu haiwezi, kwa umbo hilo, kuzidi karne ya 16. Jina "pilipili" lenyewe, ambalo ni ndugu wa "filfil" la Kiarabu, lilikuwa la pilipili manga kwanza na mgeni wa Amerika akalirithi. Mhakiki anayeona pilipili katika kazi ya fasihi na kuandika mara moja "imani za jadi" amepuuza karne kadhaa za biashara ya baharini.

Pwani ya Afrika Mashariki, methali hii huandikwa pia kwenye kanga, na hapo ndipo usomaji wa kishule unaposhindwa kabisa. Jina la kanga hunena bila mvaaji kufungua mdomo. Mwanamke anapopita na maneno hayo mgongoni, hajamtaja jirani yeyote wala hakuna awezaye kumshtaki kwa tusi. Lakini jirani atakayesoma na kukasirika atakuwa amejitaja mwenyewe. Maandishi yanasema kwamba pilipili haimwashi asiyeila, huku kitendo cha kuyavaa kikimwasha mtu ambaye hakuandaliwa chochote. S. J. Tambiah, katika makala yake ya mwaka 1968 kuhusu nguvu ya maneno katika uganga, alisisitiza kwamba maneno na vitendo vya kiibada husomwa pamoja. Kanga ya pilipili inastahili kusomwa hivyo, kama kinga dhidi ya hasidi na shambulio dhidi yake kwa wakati mmoja.

Mantiki ya kanga, yaani anayewashwa ndiye mwenye hatia, ni mantiki ya kiapo cha kumtambua mchawi. Ikibaki mgongoni mwa mvaaji, ni kijembe, na watu huicheka. Haibaki huko daima. Mwaka 2005 mahakama ya Old Bailey jijini London iliwatia hatiani watu wazima waliomtesa msichana wa miaka minane mwenye asili ya Angola kwa madai kwamba alikuwa mchawi, na miongoni mwa mateso hayo alipakwa pilipili machoni. Kwa watesi wake, mtoto huyo hakuwa mtu wa kuulizwa pilipili inamwashiani. Jibu walikuwa nalo kabla ya kuipaka. Macho ya mtu yeyote yangetoa machozi yaleyale, na kapsaisini haiwezi kutenganisha mchawi na asiye mchawi. Methali iliyo kinyume na uganga ingeweza kusemwa mbele yao kama ilivyo, kwa sababu kiini chake ni kudai sababu ya maumivu kabla ya kumhukumu anayeumia. Maelezo ya mstari mmoja, yanayomtaka mtu asijiingize katika yasiyomhusu, yangemwamuru jirani aliyesikia kilio arudi ndani na kufunga mlango.