Kuitazama Tena Hatari!

Filamu ya Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks na kutolewa mwaka 1962, ina nafasi ya pekee kwetu sisi tuliokulia Arusha. Jina lake ni la Kiswahili, mlima ni Meru wetu, na mitaa ambamo tembo watatu wadogo wanamwandama Elsa Martinelli ni ile tuliyopita tukitumwa dukani. Utotoni hilo lilitosha. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Nimeitazama tena nikiwa mtu mzima, na mengi hayajachuja. Hawks aliwataka akina John Wayne wawakimbize wanyama wao wenyewe. Vifaru wale ni wa kweli na vumbi lile ni la kweli. Baada ya hatari ya namna hiyo, utani wa jioni unapokewa kwa raha, mashujaa wa mchana wakibabaika mbele ya mwanamke. Tembo wanaokwenda kuoga, wakisindikizwa na muziki wa Henry Mancini, bado wananichekesha.

Lakini jicho la mtu mzima hutazama pia pembeni mwa picha. Wapo Waafrika wanaoshika kamba na kuhudumia wanyama. Mchana tunawaona, jioni kisa kinapohamia sebuleni, hawana sehemu. Kila mgeni ana hofu yake na mapenzi yake. Hata tembo wana tabia zao. Kichekesho kinachompa mnyama utu na kumnyima mshika kamba kina upungufu.

Tena ile nchi inayoonekana tupu! Kambi ya filamu ilikuwa Momella. Jirani yake ni Ngarenanyuki, ambako serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu mwaka 1951 ili ardhi wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alipeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Kamera zilifika takriban miaka kumi baada ya watu kuondolewa, Tanganyika ikiukaribia uhuru wa Desemba 1961.

Simdai Hawks filamu ya siasa. Alikusudia kuburudisha, na aliweza. Ninachomdai ni kidogo, tena ni cha ucheshi wenyewe: usiku mmoja tu, mtu mmoja wa Meru aketi barazani pamoja nao, atoe mzaha wake, na John Wayne acheke.