Mfungwa au Mahabusu? Juu ya Ubishi wa Wasiojuana

Katika miji ya Kongo, wale waitwao kwa Kifaransa «parlementaires debout» hubishana wakiwa wamesimama mbele ya magazeti yaliyotandazwa, mara nyingi bila kujuana. Mmoja akimwita mtu aliyekamatwa jana «mfungwa», mwingine humsahihisha: «Si mfungwa, ni mahabusu.» Wasikilizaji hucheka, wakidhani ni majivuno ya msomi. Kumbe tofauti hiyo ni ya sheria. Mfungwa amekwisha kuhukumiwa. Mahabusu angali anangoja hukumu, na kifungu cha 17 cha Katiba ya 2006 chamhesabu mshitakiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho.

Hata hivyo, msahihishaji naye ana kosa. Akiishia kwenye neno, amemwaibisha mwenzake bila kumfundisha. Kifungu cha 142 chaitaka Serikali ieneze sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, katika siku 60 tangu kutangazwa. Pale ambapo maandishi hayo hayamfikii raia, ubishi wa barabarani ndio darasa lake. Kwa hiyo anayesahihisha neno hana budi kueleza pia haki iliyomo ndani yake.