Orodha na Safu

Mfasiri wa mafunzo ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hukutana mapema na vyombo viwili vya kuhifadhia namba, na huvutwa avipe vyote jina moja: orodha. Urahisi huo una hasara.

Tuchukue alama za wanafunzi 3, zilizotolewa kati ya 50, ambazo mwalimu ataka ziwe kati ya 100. Zikiwa katika orodha ya kawaida, amri ya kuchapa hutoa [30, 40, 45]. Zikiwa katika chombo cha NumPy, nyongeza ya Python iliyotolewa mwaka 2006, hutoa [30 40 45], pasipo mikato. Sasa azidishe kwa 2. Chombo cha pili chatoa [60 80 90], ndilo jibu. Orodha yajirudia tu, [30, 40, 45, 30, 40, 45]. Wanafunzi 3 wamekuwa 6, na kompyuta haikulalamika.

Mkato, basi, ni ushahidi. Mhariri anayeutia akidhani umesahauliwa amemnyima msomaji alama ya kumwonya. Vivyo hivyo nukta za [1. 2. 3.] si vituo vya sentensi, zaonyesha namba za desimali. (Bila amri ya kuchapa mikato hurejea, lakini hapo jina la chombo hutangulia mabano.)

Jina lifaalo chombo hicho ni safu. Safu ya meno au ya askari ni vitu vya jinsi moja vilivyopangwa. Orodha ya dukani hukubali chumvi, mita 2 za kitambaa na jina la mdai, kisha huongezwa na kufutwa. Ndivyo ilivyo humo pia: orodha huchanganya namba na maneno, ilhali safu ikipewa namba mbili na neno moja huzigeuza namba kuwa maneno, ['1' '2' 'tatu'].

Kikwazo kipo. Majedwali ya kompyuta yamekwisha kuzoeza watu safu mlalo na safu wima, na “safu yenye safu mlalo 2” ni kauli ya kumchosha mwanafunzi. “Mpangilio” haisaidii, kwani hata orodha ina mpangilio. Ndani ya safu ningetumia mstari mlalo na mstari wima, ijapokuwa waliozoea majedwali watanung'unika.