Rehani, Amana na Upatu: Lugha ya Vyama vya Kukopeshana Fedha za Nyumba

Hivi karibuni tuliletewa kutoka Songea karatasi mbili ili tuzipitie kabla hazijapigwa chapa. Ya kwanza ni maelezo mafupi ya historia ya vyama na mabenki ya kukopesha fedha za nyumba, yaliyokusudiwa kusomwa na wanachama wa chama kimoja cha ushirika cha akiba na mikopo. Ya pili ni fomu ya kuombea mkopo wa nyumba katika chama hicho hicho. Zote mbili zimefasiriwa kutoka Kiingereza na mtu anayekijua Kiswahili barabara. Sarufi yake haina kasoro na tahajia yake ni safi. Hata hivyo tumezirudisha, na kwa kuwa makosa tuliyoyaona si ya mfasiri huyo peke yake, bali ni yetu sote tunaoshughulika na istilahi za fedha, tumeona inafaa tuyaeleze hapa.

Kipimo tulichokitumia ni kimoja. Haitoshi istilahi ya fedha kuwa sahihi katika kamusi. Inapasa mtu atakayetia sahihi aweze kutambua, kwa neno lile lile, ni kitu gani chake kinachoweza kupotea. Katika Songea jambo hili si la nadharia. Nyumba ya matofali ya kuchoma hujengwa kwa miaka: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, kisha lenta, na kupaua kunangoja mahindi yauzwe au fedha za tumbaku zilipwe. Mtu aliyejenga hivyo ameweka ndani ya kuta hizo sehemu kubwa ya umri wake, nasi tunampa karatasi aisome mara moja, mbele ya karani mwenye haraka.

Tuanze na historia. Mfasiri anavitaja vile vyama vya Uingereza vilivyokuwa mama wa mambo yote haya kwa jina la "vyama vya ujenzi". Msomaji wa Songea akiliona jina hilo atadhani ni vikundi vya waashi. Lakini vyama hivyo havikujenga kwa mikono. Kile kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kilianzishwa Birmingham mwaka 1775 na Richard Ketley, mwenye nyumba ya kuuzia pombe, na wanachama walikutana humo humo. Katika vyama vya namna hiyo kila mtu alitoa mchango wa kila mwezi. Fedha zilipotosha, mwanachama mmoja alipata nyumba, kwa kura au kwa zamu. Naye aliendelea kuchanga mpaka wenzake wote wapate. Mtu wa mwisho alipopata, chama kilivunjwa.

Mswahili yeyote ataitambua kazi hii. Ni upatu. Tofauti ni kwamba badala ya fedha taslimu anayefikiwa na zamu alipata nyumba, na badala ya miezi kadhaa zamu ziliendelea kwa miaka.

Katikati ya miaka ya 1840 ndipo vilipozuka vyama vya namna ya pili, ambavyo havikuvunjwa mwisho wa zamu, kwa sababu viliwapokea hata watu waliotaka kuweka fedha zao tu bila kuhitaji nyumba. Vikaitwa vya kudumu ili vitenganishwe na vile vya kuvunjwa, na hapo ndipo lilipotoka neno Permanent katika jina la First Permanent Building Society, kilichofanya kazi Rhodesia ya Kaskazini na Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Neno hilo likaendelea katika jina la Permanent Housing Finance Company of Tanzania, iliyoundwa miaka ya 1960 kwa ubia wa Serikali yetu na shirika la Uingereza la maendeleo ya Jumuiya ya Madola. Karatasi tuliyoletewa inaiita "Kampuni ya Kudumu ya Fedha za Nyumba", kana kwamba waanzilishi wake walikuwa wakijigamba. Kama ni majigambo, hayakufika mbali: sheria ya mwaka 1972 iliunda Benki ya Nyumba Tanzania, ambayo ilirithi shughuli za kampuni hiyo, na Benki yenyewe ikafungwa mwaka 1995. Jina la namna hii liachwe lilivyo na lielezwe kwa sentensi moja. Kulifasiri neno kwa neno ni kumpa msomaji habari ambayo haikuwamo.

Kosa hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba karatasi hiyo inamwita mkopaji "mwanachama" kuanzia Birmingham mpaka mwaka 1995, bila kukatisha. Katika vyama vya mwanzo, aliyeweka fedha na aliyekopa walikuwa mtu yule yule, na hakuwapo mwenye mali mwingine nje yao. Katika kampuni ya miaka ya 1960 wenye mali walikuwa Serikali na mbia wake. Na katika Benki ya Nyumba, ule Mfuko wa Nyumba za Wafanyakazi na Wakulima ulioanzishwa mwaka 1974 ulipata fedha zake kutokana na tozo ya asilimia 2 ya mishahara, iliyolipwa na waajiri. Mkulima aliyekopa humo hakuwa mwanachama wa kitu chochote: hakuchanga, hakupiga kura, wala hakuwa na zamu. Alikuwa mkopaji. Tukimwita mwanachama tunafuta jambo lenyewe ambalo historia hiyo iliandikwa ili kulionyesha, yaani namna upatu ulivyogeuka kuwa benki, na mwenye chama akawa mteja.

Hapa ndugu mfasiri angeweza kutuuliza: kama kazi ni upatu, kwa nini tusiseme upatu? Swali hilo ni la haki, na jibu lake linatusikitisha. Neno hilo lilikuwa la heshima, neno la kina mama wa mtaa mmoja wanaoaminiana. Lakini ilipozimwa DECI mwaka 2009, na watu wengi wakabaki wakidai fedha walizokuwa wamezipanda, magazeti na wasemaji wa Serikali walihitaji neno la kutaja ule utapeli ambao wa kwanza hulipwa kwa fedha za wa mwisho, wakalichukua neno upatu. Mambo hayo mawili hayafanani hata kidogo. Katika upatu idadi ya watu inajulikana, kila mmoja anapata kiasi alichotoa, na hakuna faida inayoahidiwa. Ilikuwapo nafasi ya kuunda neno jingine kwa ajili ya utapeli, na ni dhahiri kwamba sisi wa istilahi tulichelewa. Leo anayeandika katika fomu kwamba chama chake kinaendesha upatu wa nyumba ataitwa polisi kabla hajaitwa mkutanoni. Kwa hiyo tunapendekeza "chama cha akiba ya nyumba", tukijua kwamba ni jina lililopoa kuliko lile tulilopoteza.

Karatasi ya pili, fomu, inayachanganya maneno matatu: hisa, akiba na amana. Katika ukurasa mmoja fedha zile zile za mwombaji zimeitwa kwa majina yote matatu, bila shaka kwa kuogopa kurudiarudia. Uzuri huo wa mtindo tuwaachie watunzi wa riwaya. Katika vyama vya akiba na mikopo maneno haya yana mipaka. Hisa ndiyo inayomfanya mtu awe mwenye chama, naye haichukui maadamu ni mwanachama. Anaweza tu kumhamishia mwenzake. Akiba huwekwa mara kwa mara, ndiyo hupimiwa mkopo, na kwa kawaida hurudishwa mtu anapojitoa. Amana huwekwa na kuchukuliwa kwa masharti yaliyokubaliwa, bila kujitoa uanachama.

Watu wa Ruvuma hawakuhitaji kufundishwa na sisi uzito wa tofauti hizo. Chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichojulikana kwa jina la NGOMAT, kiliundwa mwaka 1936 kwa ajili ya wakulima wa tumbaku, na vyama vikuu vya nchi nzima vilipovunjwa mwaka 1976, mkulima alijifunza kwamba chama ni kitu kinachoweza kuondolewa hata kama wanachama hawajakutana. Kisha, mwezi Mei 2017, Benki Kuu ilifuta leseni ya Benki ya Wananchi Mbinga. Siku hiyo maneno yetu yaligawa watu kwa makundi. Mwenye amana alikuwa na kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, ambayo kiwango chake wakati huo hakikuzidi shilingi 1,500,000. Mwenye hisa hakuwa na kinga hiyo. Yeye, kwa desturi ya ufilisi wote, husimama mwisho wa mstari. Tukumbuke pia kwamba jina "Benki ya Wananchi" lilimpa kila aliyepita barabarani hisia kwamba ni mali yake, ilhali mwenye benki ni yule mwenye hisa peke yake. Na mwanachama wa chama cha akiba na mikopo anayesoma neno "amana" katika fomu yetu anaweza kudhani kwamba naye amekingwa na Bodi ile, wakati kinga hiyo iliwekwa kwa ajili ya mabenki.

Sasa tufike kwenye rehani, ambako ndiko kuliko na uzito zaidi.

Fomu imelikwepa neno hili kabisa. Kila mahali imeandikwa "mkopo wa nyumba" na, pale ambapo hapana njia nyingine, "dhamana". Tunaelewa sababu. Kwa matumizi ya zamani, kuweka rehani ni kutoa kitu mkononi: mkufu unakwenda kwa mkopeshaji, naye anakaa nao mpaka alipwe. Mwenye nyumba akisikia neno hilo huogopa kwamba atahamishwa kesho. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 116, imesema kinyume chake: rehani ya ardhi ni kinga ya deni tu, wala haihamishi haki yoyote katika ardhi. Mfasiri ameona neno la zamani na sheria mpya havipatani, akaliacha neno.

Hatukubaliani naye. Mkopo ni fedha zinazoingia. Rehani ni nyumba inayofungwa. Ni mambo mawili, na fomu inayoyaita kwa jina la lile la kupendeza inamficha mwombaji lile la kuogopesha. Woga unaoletwa na neno rehani si kasoro ya neno. Ndiyo sehemu ya maana yake inayopaswa kubaki. Kinachotakiwa ni kuongeza maelezo kwamba mwenye nyumba ataendelea kukaa humo.

Neno "dhamana" halisaidii. Ndilo neno la mahabusu anayetolewa polisi, ndilo neno la Serikali inapokopa kwa umma, ndilo linalozaa mdhamini. Mwombaji akiulizwa katika kipengele cha saba, "Una dhamana gani?", anaweza kuandika jina la shemeji yake, au hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba lake la kahawa, na majibu yote mawili ni Kiswahili fasaha. Fomu iulize maswali mawili: nani atalipa usipolipa, na mali gani itauzwa.

Limebaki jambo moja ambalo limetufanya tuirudishe fomu bila kusitasita. Kifungu cha 114 cha sheria hiyo hiyo kinataka rehani ya nyumba ya ndoa isiwe halali mpaka mume au mke wa mweka rehani awe ameridhia. Fomu inasema, "Mwenzi wa mwombaji amearifiwa." Kuarifiwa si kuridhia. Mke aliyearifiwa kwamba nyumba yake itafungwa amepata habari, hakuulizwa. Tena fomu inadhani mwenzi ni mmoja, na sheria haikudhani hivyo. Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na mahakama, sentensi kama hiyo itasomwa na hakimu kama ilivyoandikwa, bila Kiingereza cha kuirekebisha.

Ibara tuliyoipeleka Songea badala yake ni hii: "Ninaweka rehani nyumba yangu kwa chama kwa ajili ya mkopo huu. Nitaendelea kuimiliki na kukaa ndani yake. Nisipolipa kama nilivyokubali, chama kinaweza kuiuza kwa kufuata sheria. Mimi mwenzi wa mwombaji nimesomewa maneno haya, nimeyaelewa, nami nimeridhia." Imerefusha fomu kwa mistari mitatu, pamoja na nafasi ya sahihi ya pili, na ya tatu kwa wanaoihitaji.